Kifungu cha Tisa

Ukurasa mmoja elfu tatu. Muhuri, elfu mbili juu.
Vyeti vya kuzaliwa, talaka, hati za viwanja vya Chanika,
navigeuza lugha hapa Mtaa wa Swahili
huku mlango wa pili cherehani ya kudarizi ikinguruma.
Sikuwahi kukwama kwenye maneno mawili

mpaka alipoingia Bwana Mbwilo, mlinzi,
shati la kazi limebanduliwa nembo, nyuzi zimebaki,
mkataba umekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni.
"Kifungu cha tisa, dada. Wamenifukuzia hicho.
Eti nimetumia soshomidia kazini.
Mimi simu yangu haina hata hiyo."

Alifanya nini?
Saa nane usiku, geti la Mikocheni, mvua,
zikamfikia habari: Bi Somoe wa Kizuiani hatunaye.
Yeye ndiye katibu wa chama cha kuzikana.
Akabonyeza, akasema taratibu asiamshe mbwa:
Ndugu wanachama, msiba. Mazishi alasiri.
Mchango ni uleule. Mwenye turubai alete.
Watu sitini na mmoja wakasikia,
na nyuma ya sauti yake wakasikia pia
honi ya bosi, mara tatu, getini.

Jumatano Tume ya Usuluhishi inataka tafsiri.
Inataka kujua kama maneno yale mawili
yanakiingiza chama cha kuzikana ndani
au yanakiacha nje, mvuani.

Nikafungua kamusi.
La kwanza, huko lilikozaliwa, lilitokana na mwenzi.
Mwenzi! Mtu wa kushika naye njia.
La pili ni wingi uliosahau umoja wake,
siku hizi wenyewe hulitamka kama kitu kimoja,
kama sisi na maji: nani amewahi kuona ji?
Umoja wake ni kilicho katikati, ni chombo, ni njia,
tena ni yule tunayemwita kiti:
amepandwa, anasema, na sauti si yake.

Nikamkumbuka mpwa wangu Hidaya, kitandani na simu,
anavyowatukana watu wa Mwanza asiowajua
kwa ajili ya harusi ya mtu asiyemjua.

Sisi tulisema mitandao ya kijamii, tukaendelea na safari.
Kutanda ni kazi ya wingu
kabla Jangwani haijafungwa kwa maji.
Tandabui hutanda pembeni mwa dari, apate kula.
Utando hutanda jichoni, mtu akapapasa ukuta wake mwenyewe.
Utandu hung'ang'ania sufuria, watoto wakaugombea.
Na mtandio, herufi moja tu imeteleza,
ule wa mama, wa maua ya zambarau,
alionifunika nao nikisinzia kwenye ngoma za watu:
huo nao haukuwa wa kijamii?
Halafu ile ki.
Ni ki ya namna, au ni ki ya udogo?
Mfano wa jamii, au kijamii tu, kama kijiji, kama kijiko?

Bwana Mbwilo ananitazama
kama nasoma majibu ya maabara.
"Kwa hiyo, dada, nilikuwa ndani au nje?"

Niliandika kama waandikavyo wote.
Muhuri hauna nafasi ya buibui.
Ila chini kabisa, kwa herufi ndogo, niliweka tanbihi:
Mfasiri hakuona mahali katika kifungu hiki
palipotajwa msiba.

Elfu tano yake sikuipokea. Akakaa kimya,
akatoa simu yenye kioo kilichopasuka,
akaomba namba yangu, nikadhani ni ya kunipa majibu ya Jumatano.

Usiku, wali haujaiva, simu ikatetemeka mezani.
Watu sitini na wawili.
Karibu dada mfasiri. Kiingilio elfu kumi.
Turubai unalo?