Sentimita Nne

Miaka kumi na moja niliijenga kwa kipimo cha mwili wangu:
usukani nikaunyanyua, mikono yangu ni mirefu;
kiti nikakijaza sponji ya dereva
aliyekaa nusu ya umri wake kwenye lori la sufu;
pedali ya gia nikaipinda
kulihurumia goti la kushoto.
Goti halikunihurumia.

Julai, theluji ikigonga dirisha la zahanati ya Esquel,
daktari aliweka kidole kwenye picha nyeusi
pale gegedu lilipokwisha.
"Kutembea, unaweza," alisema, akanyamaza.
Nami sikuuliza lililobaki.

Majira mawili ilisimama chini ya turubai.
Panya wakaila ramani kuanzia kaskazini.

Kisha Mailén akarudi kutoka zamu ya usiku,
unga wa mikate ungali nyusini,
akafunua turubai, akapanda.
Miguu ikaning'inia
kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi.
"Ipunguze, Baba," alisema. Hakuomba.

Tukaanza na kisu cha mkate.
Upepo wa huku hauna adabu, huingia bila hodi;
ulizoa chembe za sponji
ukazipeleka uani kwa jirani,
kuku wakazidonoa, wakazitema.
Nilikata, nikapima, nikakata.
Kipande kikubwa nikakitupa chini ya meza.
Sentimita nne.
Sikujua kama nilikuwa nimejikalia kiasi hicho.

Shokapu tukaishusha tundu mbili.
Usukani ukarudi kifuani mwake.

Tangi ndilo lililotugombanisha.
Lita thelathini na tatu, nimelichomelea mwenyewe,
maana kusini, kati ya pampu na pampu, kuna guanako tu.
"Akiba haiozi," nikamwambia.
"Haiozi, lakini huanguka nawe," akajibu,
akailaza pikipiki kwenye changarawe, makusudi,
akaipa mgongo, akashika, akasukuma kwa mapaja.
Mara moja. Mara mbili. Shingo ikaiva.
Sikumsaidia. Niliushika mkongojo kwa mikono yote miwili.
Jioni nikalirudisha tangi la kiwandani,
na mara ya kwanza tu akainyanyua,
akacheka kicheko cha mama yake,
mwanamke niliyemwibia Jumamosi zote zile.
Za mwizi ni arobaini;
na barabara anayoiendea, nambari yake ni hiyohiyo.
Hilo sikumwambia.

Masanduku ya alumini aliyakataa pia.
Antileo, mshona matandiko ya farasi,
alimshonea mifuko miwili, akaipima kwa shubiri,
akauliza: atabeba nini?
Soksi, spana saba, waya wa klachi,
kitabu kisicho na jalada.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, husema watu.
Wake ulikuwa usufi kweli.
Mawe niliyatia mimi.

Alichokibakiza ni swichi ndogo
ya kupasha moto vishikio,
ambayo niliiunga kinyume usiku mmoja wa baridi:
kuwasha ni kuzima, kuzima ni kuwasha.
Nilitaka kuirekebisha. Bisibisi ilikuwa mkononi.
"Hii usiiguse," alisema.

Ameondoka Jumanne, kabla ya upepo kuamka.
Nimefagia karakana.
Chini ya meza nimekuta kile kipande cha sponji,
kingali na umbo langu,
nimekiweka juu ya kigoda cha mlangoni, nimekaa.
Sentimita nne. Sasa naona juu ya ukuta
hadi pale barabara inapopinda.
Kuna vumbi. Si lake.
Ni lori la sufu, linarudi.