Dole Gumba

Karani wa bandari alinifungulia daftari shingo upande,
akaniachia kiti chenye mguu mmoja mfupi.
Nje, mvua ya Mwanza ilikuwa ikishuka kutoka Bugando
ikiburuta mchanga na maganda ya miwa.

Taa ya Jiwe la Ngoma, njia ya Nansio.
Mlinzi: Masatu Kaitira.
Mshahara: shilingi arobaini na mbili, umepokelewa.
Na chini yake, kwa wino wa zambarau, dole.

Babu alizikwa Januari, ile Januari
ziwa lilipopanda likameza ngazi tatu za mwamba
na maiti ikavushwa kwa mtumbwi wa kukodi.
Februari, Masatu amepokea.
Machi, Masatu amepokea.
Marehemu wetu hakukosa kazini hata siku moja.

Nani angeandika Nyangeta?
Fomu ilitaka mwanamume, na jina la mwanamume lilikuwepo,
limetundikwa msumarini kama koti.
Bibi akalivaa. Mikono ilimzidi, akaikunja.

Alisugua kioo kwa majivu na gazeti kuukuu,
akapunguza utambi kwa mkasi wa cherehani,
akazoa wadudu wa ziwa kwa karai,
maana walikuja kama moshi, wakafa kama pumba.
Kuku wake walinona kwa vifo hivyo.
Mama yangu, wa miaka minne, alijifunza hesabu
kwa karabai za wavua dagaa:
zilizotoka, zilizorudi.
Kutoa alikujua kabla ya kujumlisha.

Aprili, usiku wa tarehe tisa, mwandiko wa ofisini:
Upepo mkali. Kioo cha kusini kimevunjika.
Taa haikuzimika. Mlinzi Masatu apewe pongezi
na blanketi moja.

Nikafunua Mei.
Dole ni lilelile, pana, la mtu wa kupara samaki,
ila sasa mstari mweupe umelikata katikati
kama njia ya mtumbwi kwenye magugu maji.

Nikaujua.
Ulinikwaruza shavu aliponipaka mafuta ya mgando.
Ulinasa nywele aliponisuka.
Nilipouliza, alisema, "Kioo,"
akaendelea kuchambua mchele.
Hakusema alikizuia kwa mkono hadi alfajiri.
Hakusema blanketi lile la kijivu
tulilogombania wajukuu sita, tukilala mzungu wa nne,
lilikuwa la nini.

Siku hizi taa ya Jiwe la Ngoma hula jua mchana,
usiku hujiwasha. Haimwamshi mtu.

"Umelipata jina ulilokuja kulitafuta?"
Karani anatikisa funguo, saa yake ya chai imefika.
Nalamba kidole, nafunua.
Juni. Julai. Agosti.
Miezi mia mbili na kumi na moja
na kila mmoja una kovu.

Namwambia, "Bado nasoma."