Kisahani cha Majivu

Waraka umebandikwa karakana ya Pongwe,
juu ya birika la chai, pasipokwepeka:
gari la kampuni ni mahali pa kazi,
marufuku kuvuta sigara ndani yake,
hata dirisha likiwa wazi,
hata dereva akiwa peke yake.
Nikatia sahihi. Hoza, leseni daraja E.

Peke yake! Nikacheka na usukani.
Humu nalala Segera mvua ikipiga bati,
humu nala mhogo, humu nanyoa ndevu,
humu nilipokea simu ya msiba wa mama.
Kama hii ni ofisi, nikauliza, kwangu wapi?
Bi Mwanakombo wa usafirishaji hakuinua macho:
"Kwako, Hoza, hakuna namba za usajili."

Fundi akaja na bisibisi,
akang'oa kisahani cha majivu.
Pakabaki pengo la jino kwenye dashibodi,
na kidole changu, kama ulimi,
hakikomi kulipapasa.

Sasa nasimama Hale, nashuka,
nawasha nyuma ya tairi kama mwizi wa kuku,
tani thelathini za saruji zikinisubiri.
Dakika saba.
Ofisini wananiona kwenye ramani yao,
kitone chekundu kimeganda.

Juzi, tumekwisha kuipita Kabuku,
Singano, utingo wangu, akapiga mluzi.
Miaka kumi na mmoja bega kwa bega
sijapata kumsikia.
"Umejifunza lini?"
"Tangu shule. Pumzi ndiyo ilikuwa haitoshi."
"Mbona hukusema?"
Akatazama vioo, akatazama barabara.
"Gari ulikuwa unaendesha wewe."

Pafukapo moshi pana moto, walisema wahenga.
Hawakusema habari za aliyeketi kando
akiambiwa afunge kioo, vumbi linaingia.

Sijaacha. Nisiwadanganye.
Pakiti i mfukoni, na kesho Hale nitashuka,
nitamlaani aliyeandika ule waraka
na mkono uliopiga muhuri.

Ila mle shimoni Singano hutia
maganda ya machungwa ya Muheza.
Yakikauka, anatupa, anatia mengine.
Hatujayazungumza.

Na pua yangu imeanza kurudi kazini:
nasikia dizeli, nasikia jasho la kiti,
nasikia shati langu mwenyewe.
Lanuka.
Miaka yote hiyo, na yeye
akisema habari za asubuhi.