Muda wa Ukimya

Nilikwenda na futi kamba mfukoni
na fomu ya kurasa nne, nembo ya kampuni juu,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
mlango wa pili ukiipita mashine ya kusaga.
Ofisi iko Dar. Wafanyakazi wake
wako popote palipo na mtandao na kitanda.

Mwantumu alinifungulia, visikizio shingoni.
"Karibu ofisini," akasema,
akalisogeza kwa mguu beseni la mchele uliochaguliwa nusu.

Nikaanza na kiti, kama fomu itakavyo.
Cha plastiki, mgongoni kimeandikwa kwa rangi nyekundu
MALI YA MADRASA. Ameazima tangu Maulidi.
Kimo, sentimita arobaini na tatu.
Mguu mmoja umekatika, umetiwa kigae.
Nikaandika: Kinafaa kwa masharti.
Masharti gani, sikuandika.

Meza ni cherehani ya marehemu mama yake.
Kichwa cha chuma kimelazwa tumboni mwa meza,
kompyuta imekaa pale ilipokuwa sindano,
na simu ikiingia, miguu yake, mwenyewe hana habari,
inakanyaga, inakanyaga,
inashona matusi ya watu wa mikoa yote:
aliyetuma pesa kwa namba siyo,
aliyekatwa bila kukopa,
aliyeamka tu na hasira akatafuta namba ya bure.

"Una msongo wa mawazo? Ndiyo au hapana."
Akacheka. "Saa ngapi?"

Tanga, wasema, waja leo waondoka leo.
Mwantumu hajatoka chumbani tangu Jumatatu.

Nyuma ya kabati nikaigusa soketi, nikaiachia upesi.
"Hii itakuja kukuunguza."
"Mimi na nani?" akauliza,
si kwa uchungu; kama mtu anayehesabu sahani.

Hapo ukuta ukalia: ngo, ngo.
Mwantumu akachukua kijiko, akajibu: ngo, ngo,
akaendelea kunitazama, anasubiri swali.

"Ni Bi Mgeni. Anakaanga bajia.
Kila mkaango ukiiva, anagonga.
Nisipojibu, anakuja."
"Uliwahi kutojibu?"
"Mfunguo Pili. Presha.
Alinikuta chini, mwiko bado mkononi mwake,
na mteja anafoka humo masikioni mwangu,
hajui anaifokea sakafu."

Nikafunua ukurasa wa tatu, nikafunua wa nne.
"Uliripoti?"
"Mfumo uliripoti.
Muda wa ukimya: dakika kumi na tisa.
Wakanikata."

Nilikuwa na kalamu. Nilikuwa na kibali cha kampuni
kupima mwanga, kimo, umbali wa jicho na kioo.
Nikapima dirisha. Sijui kwa nini nilipima dirisha.

Swali la thelathini na moja:
Taja kifaa cha tahadhari kilichopo mahali pa kazi.
Kisanduku chenyewe kidogo, kama cha kutia sahihi.
Nikaandika: Ukuta.
Nikafuta. Nikaandika: Jirani.
Nikalirudisha Ukuta, nikayaacha yote mawili.

Nikitoka, Bi Mgeni alikuwa barazani, kajifunga kanga kiunoni.
"Wewe ndiye wa afya?"
Nikasema ndiye.
Akanitazama mgongo nilivyoupinda kama ndoano,
akanifungia bajia nne kwenye gazeti, akakataa hela.

Usiku, gesti ya Chumbageni, naandika ripoti
kitandani, kompyuta mapajani, shingo chini,
kinyume cha kila mstari wa ukurasa wa pili.
Mapendekezo. Kiti kipya, chenye mgongo.
Soketi ibadilishwe wiki hii, si mwezi huu.
Dakika kumi na tisa zilipwe.
Bi Mgeni naye alipwe. Kiasi:

Hapo nimekwama. Nimegonga ukuta, mara mbili,
kujaribu tu.
Chumba cha pili wamepunguza sauti ya televisheni.
Wamedhani nalalamika.

Fomu naituma kesho kama ilivyo.
Mafuta ya bajia yamepita kurasa zote nne.