Kufunga, Nilifunga

Whitehaven, Februari, mvua inapiga kwa ubavu.
Chumba cha uchunguzi wa vifo kina viti kumi na vinane,
hita moja inayonuka vumbi lililoungua,
na Enid Mossop, mpiga chapa,
vidole tayari kabla shahidi hajakaa.

"Uliifunga koki ya gesi?"
"Niliifunga," asema Wilf Stainton, fundi,
kofia juu ya magoti.
Enid anapiga. Neno limepita
kama mtu anayejulikana na bawabu.

Wakili anapekua karatasi. Hamtazami.
"Nakuuliza tena, Bwana Stainton.
Bibi Tordoff amefia kitandani mwake, yeye na paka wake."

Ndipo Wilf alipolitoa:
neno la Kiingereza la herufi tatu,
lisome toka mbele, lisome toka nyuma, ni lilelile.
Vitabu vya sarufi huliita kitenzi kisaidizi,
mtumwa wa kubeba mizigo ya mwenzake.
Kazi yake ya kila siku ni kuuliza na kukana.
Kauli ya kweli isiyo na mbishi
hailiiti hata kidogo.
Sasa Wilf alikuwa amelichomoa kwenye swali lenyewe la wakili
akalipachika katikati ya jibu lake
na kulikanyagia sauti yote aliyobaki nayo.

Sisi tungelirudia tendo,
kufunga, nilifunga,
nyundo mara mbili juu ya msumari mmoja.
Wao huongeza shahidi.
Na mkono wa kulia wa Wilf, mwenyewe hajui,
ulizungusha kitu hewani,
robo mzunguko,
ukasimama.

Saa kumi alasiri Bwana Ormerod, karani mkuu,
alipitia kurasa na penseli yake nyekundu.
"Hili ni la ziada," akasema. "Maana haibadiliki."
Akalipiga mstari, akaenda kunywa chai.

Haibadiliki?
Enid alitembea hadi nyumbani na neno lile
chini ya ulimi, kama kokwa usiyojua uiteme wapi.
Mtu halisemi akiwa anaaminika.
Ukilisikia, basi kuna mwingine chumbani
aliyekwisha kusema hapana,
hata kama amesema kimoyomoyo,
hata kama ni wakili na amevaa suti nzuri.

Cyril alikuwa anaosha sahani.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa,
na mara moja moja, Krismasi, au baada ya mazishi ya mtu,
humwambia kwamba anampenda:
kitenzi kikavu, kama mkate bila siagi,
na Enid amekula akashiba.
Usiku huo, mgongo kwake, mikono ndani ya povu,
alisema tena,
lakini safari hii alitia kile kisaidizi,
cha wakati uliopo, herufi mbili tu,
na akakikazia.

Enid alikuwa hajauliza kitu.
Akabaki ameshika kikombe kilichokauka zamani,
akikifuta,
akimtafuta mbishi jikoni.
Kalenda ya benki. Birika. Koti la Cyril kwenye msumari,
limelowa mabega, na leo hakutoka.
Au alitoka?

Asubuhi aliwahi kazini kabla ya Ormerod.
Akachapa upya ukurasa wa kumi na nne,
zile herufi tatu mahali pake,
ili atakayesoma ajue
kwamba fundi alisema kweli au alisema uongo,
hilo Enid hawezi kuliapia,
ila hakuaminiwa, na alijua.

Jioni Cyril akauliza kutoka ghorofani
kama mlango wa nyuma umefungwa.
"Nimeufunga," akasema Enid,
akasimama chini ya ngazi, mkono juu ya swichi,
akingoja kuona kama ataulizwa tena.