Droo la Mahudhurio

Mwaka wa kwanza Hobart nilizila bila kusema neno.
Zilikuwa za waridi, laini,
kama kidole cha mtoto aliyekaa mno kwenye maji,
na ukizichoma uma zilitoa maji,
si mafuta: maji,
kisha makombo ya mkate, kisha sukari.
Nani anatia sukari kwenye nyama?
Gergely akasema, Etelka, kula.
Tulivuka dunia kutafuta kazi, hatukufuata soseji.

Nikala.
Lakini ulimi ni mkaidi,
haubadilishi uraia kwa kuapishwa.

Basi nikitoka zamu ya usiku hospitalini
badala ya kulala nilipanda basi.
Kwa Mtaliano wa Moonah: nyama safi,
ila shamari imetangulia mbele ya kila kitu
kama mgeni anayeketi kabla ya kukaribishwa.
Kwa Mjerumani: nyeupe, zimechemshwa, zina adabu mno.
Kwenye duka kubwa, pakiti yenye nguruwe anayecheka.
Simwamini mnyama anayefurahia kuliwa.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza,
na hiki kilitembezwa hadi kwenye mabango ya kituo cha basi.

Baba yangu alichinja nguruwe mmoja kila Januari,
theluji ikiwa imefika magotini.
Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni,
hujui ipi damu, ipi paprika.
Alionja nyama mbichi kwenye ncha ya kisu,
akatema, akasema: Bado.
Kitunguu saumu. Bado.
Kisibiti, chumvi. Bado.
Vipimo hakuandika. Neno hilo tu ndilo urithi wangu,
pamoja na kisu.

Kisha Jumamosi moja, sokoni, nilinusa kabla sijaona.
Moshi. Moshi wa kuni, si wa chupa.
Mzee Chong Neng, mwenyeji wa milima ya Laosi,
alikuwa amezitundika nyuma ya mabichi ya bustani yake.
Nilinunua moja nikaila pale pale, nimesimama.
Mchaichai. Tangawizi. Pilipili iliyonitoa machozi.
Haikuwa ya kwetu, hata kidogo,
lakini nyama ilikatwa kwa kisu, haikusagwa ikawa uji,
na mafuta yalionekana, punje kwa punje.
Unapimaje? nikamuuliza.
Akanionyesha kiganja chake.
Nikamwonyesha changu.
Akaniuzia utumbo wa mita tano, umelala ndani ya chumvi,
umefungwa kwa gazeti.

Januari ya baba huku huja mwezi wa Julai.
Gergely alileta kabati la chuma la mafaili
kutoka shule iliyofungwa, dola kumi,
tukatoboa matundu chini, tukapanga fito ndani.
Kuni za mwaloni hatukupata; tukachoma za mcheri.
Saa nne asubuhi jirani yetu, Bi. Maureen, akaita zimamoto.

Walikuja wawili, wamevaa kofia, na mpira wa maji.
Wakatazama kabati likitoa moshi kwenye majani yenye barafu.
Mmoja akauliza, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:
Zitakuwa tayari lini?

Siku ya tatu nilikata kipande.
Nikatafuna macho yamefumbwa.
Bado, nikasema.
Ya nne nikaongeza moshi.
Ya tano nilikata tena, na neno halikunijia.
Nikaketi juu ya ndoo. Nikakaa hapo kitambo.

Droo la juu bado lina kibandiko cha shule,
mwandiko wa mwalimu asiyejulikana: Mahudhurio.
Kila jioni nalifungua na kuita.
Jana zilikuwa kumi na tatu.
Leo kumi na mbili, na kipande cha uzi kinaning'inia bure.
Nikamgeukia mume wangu, yule ambaye hakufuata soseji.
Alikuwa anakagua dari,
kwa makini sana,
midomo yake myekundu.