Gemu, Sehemu ya Tatu

Miaka miwili sisi wa gemu tulimwita Nyundo.
Sura hatukuijua, ila mkono tuliujua:
ndio uliotuvusha daraja la sehemu ya tatu,
umeme wa Majengo ukikatika na kurudi,
akiandika tu, "Bado. Hesabu saba."

Tukabishana. Ni mwanajeshi.
Kileo akaapa ni Mzungu,
mtu wa hapa hana subira hiyo.

Jumamosi, Kiboriloni, kati ya marobota ya mitumba,
akatokea mama mwenye futi ya fundi shingoni.
"Kumbe watoto!" Akatununulia mtori,
akatucheka tulivyoupuliza.

Wakati wa kuagana nikataka kukatiza barabara ya Himo.
Akanidaka shati. Lori likapita na vumbi lake.
"Bado," akasema.
Nasi sote, kwa sauti,
tukaanza kuhesabu.